Ugali wa Ijumaa Kuu

"Hata wewe ulilelewa hivyohivyo, mama, na hukufa."

Ndivyo alivyoniambia mama yako jana kwenye simu, Neema. Nilikuwa nimemuuliza kitu kimoja tu: ni kweli umemfunga mdogo wake Neema mkono wa kushoto kwa kitambaa, akae hivyo kutwa nzima, mtoto wa miaka minne? Akasema ni kweli, na wala hakusema kwa aibu. "Mama, huku Mwanjelwa tunakula mbele za watu. Mtoto wa kike anachota wali kwa mkono wa chooni, uso nitauweka wapi? Juzi kanisani katoa sadaka kwa kushoto, mzee wa kanisa kamwangalia. Nitakuja kumwozesha kwa nani?" Halafu ndipo akaniambia hilo, kwamba na mimi nililelewa hivyo na sikufa.

Nilikata simu. Siyo kwa hasira. Nilisikia kinyaa, mjukuu wangu. Nikaenda nje nikatema mate. Kwa hiyo leo kabla hujapanda basi kaa hapo, hiyo chai itapoa tu, nikueleze. Mimi kusoma sijui, lakini ugomvi wa nyumba hii naujua wote, nani alimwambia nani nini na siku hiyo tulikula nini. Hasa tulikula nini.

Nilipokuwa mtoto, kwetu kule karibu na Igowole, enzi za Mwingereza, tulikuwa wasichana wawili, na mdogo wetu wa kike bado wa mgongoni. Mimi nina miaka kama minane, na dada yangu Yustina kama kumi na miwili. Yustina alikuwa mashoto. Alizaliwa hivyo. Kuni anapasua kwa kushoto, jembe anakamata kwa kushoto, na akisuka vikapu vya nyasi za milulu, vikapu vyake vinazunguka upande wa pili, kinyume na vya watu wote. Ukivipanga chini unakijua cha Yustina hata gizani, ukipitisha kidole. Na alisuka vizuri kuliko mama.

Nyumbani walimwita Mashoto kama ndilo jina alilobatizwa. Bibi yetu mzaa baba alikuwa akimwita jioni, "Mashoto, njoo unikune." Maana mkono wa Yustina ulifika pale mgongoni ambapo mikono yetu sisi haikufika. Bibi anakunwa, anafumba macho, anasema, "Mkono huu kwa mgongo ni wa malaika. Kwa chungu ndio wa shetani." Tunacheka. Na Yustina anacheka. Chakula hakuruhusiwa kukoroga, wala kupakua, wala kumpelekea mgeni maji ya kunawa.

Sasa ujue na dini ya nyumba yetu ilivyokuwa, maana imo. Baba alikuwa Mroma. Mama alizaliwa kwa Walutheri, akaolewa akafuata kwa baba, lakini moyo ulikuwa umebaki huko kwao, na watu wa baba walijua. Dada yake baba, shangazi Felista, yeye alikuwa ameolewa upande wa Tosamaganga, mume akafa, akarudi kwa kaka yake na rozari shingoni na sauti ya kuamrisha. Huyo alimkamata Yustina kanisani anafanya ishara ya msalaba kwa kushoto. Alimpiga kofi palepale kwenye benchi, watu wanaimba. Tukiwa njiani kurudi akatuambia, "Siku ya mwisho kondoo watakaa kulia, mbuzi watakaa kushoto. Wewe unajichagulia mwenyewe pa kukaa." Mama akamjibu, "Wifi, hata kwenye Kitabu hichohicho kuna mtu wa shoto ambaye Mungu alimtumia kuokoa watu wake. Kwetu tulisomewa." Shangazi akasema, "Kwenu." Hilo neno moja tu.

Mwaka huo mvua zilinyesha vizuri, na milanzi ya baba kule bondeni, ile mianzi ya kugema pombe ya ulanzi, ilichipua sana. Wewe ulanzi umeukuta kwenye ndoo sokoni, hujui kazi yake. Chipukizi la mlanzi linakatwa kichwa, halafu kila asubuhi na kila jioni unalichonga kidogo pale juu, ngozi nyembamba tu, ndipo linalia. Maji yake yanashuka kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachofungwa pembeni kama kikombe. Ukichonga nene unaliua. Usipochonga siku tatu nne linafunga. Yakiwa mapya ni matamu, ndiyo mtogwa, hata mtoto anakunywa. Yakilala yanakuwa mkangafu, hayo ni ya wanaume.

Kwaresima ilipokuwa katikati, baba aliangukiwa na gogo la muwati mguuni. Akalala ndani, mguu umefungwa vijiti. Na Pasaka wageni walikuwa wanakuja, ndugu wa marehemu mume wa shangazi, na wale waliowasimamia baba na mama siku ya ndoa. Pasaka bila ulanzi kwa baba ilikuwa ni aibu ya mwaka mzima. Mama hakugusa ulanzi, alilelewa hivyo kwao, hata mlanzini hakanyagi. Wavulana hatukuwa nao. Baba akasema, "Yustina ana mkono mwepesi. Atagema yeye." Bibi akainua kichwa pale motoni.

"Kwa mkono upi?"

"Kwa kulia," baba akasema. "Yustina, umesikia? Kwa kulia."

Bibi akasema, "Mimi nasema mbele ya mwanga huu. Mkono wa kushoto ukigusa mlanzi, mlanzi unakauka. Nimeuona ukikauka kwa baba yangu. Msije mkaniambia sikusema."

Tukaenda mimi na Yustina. Siku ya kwanza alichonga kwa kulia. Kisu kikamponyoka, akakata nene, machipukizi mawili yakafa palepale. Akakaa chini kwenye majani akayatazama. Kisha akahamisha kisu. Kwa kushoto alichonga kama anamenya yai. Akaniambia, "Usiseme." Sikusema.

Lakini kesho yake mbeta zilikuwa karibu tupu. Na kesho kutwa hivyohivyo. Wiki nzima tunarudi na maji ya kufunika chini ya kibuyu tu. Bibi anatazama kibuyu, anamtazama Yustina, anatazama moto.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo na mimi nipo.

Baba alikuwa anachonga kwa kulia. Kisu chake kilishuka upande wa njia, kidonda cha mlanzi kikalala upande wa njia, maji yakaelekea huko, na huko ndiko alikofunga mbeta. Yustina kwa kushoto, kisu kikashuka upande wa bonde. Kidonda kikageuka. Maji yakawa yanashukia bondeni, nje ya mbeta, yanateleza kwenye shina mpaka chini. Na Yustina kila akimimina mbeta alikuwa anairudisha palepale baba alipoifunga, maana kwetu ukimgemea mtu huhamishi mbeta yake, unaambiwa unamwibia. Mvua na ukungu vilikuwa vinalowesha mashina yote asubuhi, kwa macho usingeona kitu. Ungeona tu ukionja.

Na mimi nilionja. Asubuhi ya pili niliona sisimizi wanapanda shina upande wa bonde, nikapitisha ulimi. Mtogwa mtupu. Basi kila asubuhi nilikuwa natangulia mbio, "Dada nakwenda kujisaidia," nazunguka nyuma ya milanzi nalamba shina moja baada ya jingine. Kwaresima hiyo, sukari hatuijui, nyama hakuna. Nililamba mpaka ulimi ukakwaruzika. Nilijua maji yapo. Nilijua yanakwenda wapi. Sikusema, kwa sababu nikisema yatahamia kwenye mbeta na mimi sitapata.

Alhamisi Kuu shangazi Felista alitufuata kimya kimya. Akamkuta Yustina na kisu kwenye mkono wa kushoto. Hakumpiga. Alimwambia tu, "Ndiyo maana." Akarudi nyumbani akiwa anasema rozari njiani.

Siku hiyo mama hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwao, kuna msiba wa baba yake mdogo, alikuwa amekwenda tangu Jumatano na mtoto mgongoni. Mimi nimefikiri miaka yote hii, kama si huo msiba. Lakini sina hakika. Mama naye alikuwa anaogopa.

Ijumaa Kuu tulikwenda kanisani bila kula kitu, wakubwa kwa watoto. Njia ya Msalaba, vituo vyote, magoti yanauma. Tukapanga mstari kubusu msalaba. Namkumbuka Yustina mbele yangu anainama kubusu ile miguu yenye misumari, amekunja mkono wa kushoto nyuma kiunoni ili usionekane. Shangazi alikuwa mbele yake, analia machozi ya kweli kabisa. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, yalikuwa ya kweli.

Tukarudi nyumbani mchana umeinama. Njaa ile sijaiona tena. Shangazi akabandika sufuria, akasonga ugali wa mahindi mgumu, wa watu wengi. Sisi watoto tunauangalia unavyopumua. Ulipoiva hakuupakua. Akamwita.

"Yustina, njoo nikuponye."

Yustina akaja. Alifikiri ataombewa, mimi nakuambia, alikuja ameinamisha kichwa kama anasubiri kuombewa. Shangazi akachota ugali kwa mwiko kutoka katikati ya sufuria, kule kunakochemka, akaushika mkono wa kushoto wa dada yangu, akaubandika kiganjani, akakunja vidole vyote juu yake na kuvifunga kwa kitambaa. Bibi alimshika mabega. Sitaki kukueleza alivyolia. Maji ya moto yanamwagika yanakwisha, Neema. Ugali hauondoki. Unaganda, unaendelea kupika.

Baba alikuwa chumba cha pili, mguu wake umelala juu ya kigunia. Alisema kutoka ndani, "Kuna nini?" Shangazi akamjibu, "Tunamtengeneza mtoto wako." Baba akasema, "Basi msiongeze kelele, leo ni Ijumaa Kuu."

Alisema hivyo. Mimi nimeyashika hayo maneno. Kaka zake walipokuja kumsifu msibani kwake, eti alikuwa mtu mpole, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nayatafuna.

Na hapo sasa ndipo pananitia kinyaa kuliko mahali pote. Walinawa. Shangazi akapakua ugali uleule, wa sufuria ileile, na maharage. Tukafanya ishara ya msalaba, kwa mkono wa kulia wote. Tukala. Yustina yuko nje anatikisa mkono kwenye majani ya baridi, sisi ndani tunamega matonge. Bibi alisema maharage yamekosa chumvi. Na mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala, nikaongeza. Watu huwa wanaruka hapo wakieleza habari zao za zamani, wanasema nililia, nilikataa. Mimi nilikula.

Mama alirudi Jumamosi. Alifungua kitambaa, akakifunga tena, akakaa chini pale mlangoni na mzigo wake bado kichwani. Hakupiga kelele. Aliniita mimi, akaniuliza, "Wewe uliyekuwa unakwenda naye kila siku, mlanzi ulikauka kweli?" Ndipo nikasema. Nikamwambia maji yapo, yanashuka upande wa bonde, nimekuwa nalamba. Sikupigwa. Ningependa ningepigwa.

Jioni hiyo mama yangu, Mlutheri ambaye hakuwahi kukanyaga mlanzini, alishuka bondeni na kamba. Akahamisha mbeta zote, moja moja, kutoka upande wa njia kwenda upande wa bonde. Asubuhi ya Pasaka zilikuwa zimejaa mpaka zinamwagika. Akazibeba mwenyewe, akazipanga mbele ya baba na wageni, akasema, "Haukukauka. Mtoto huyu alikuwa anagema vizuri kuliko wewe. Mlikuwa mmeweka kikombe upande mbaya."

Nilijua sasa wataona haya. Nilikuwa mtoto, nilifikiri mtu akionyeshwa anaona.

Shangazi Felista akasimama na rozari yake akasema, "Bwana asifiwe. Mnaona wenyewe? Mkono umeponywa juzi, leo mlanzi umerudi." Na bibi akaitikia, "Nilisema." Na wageni wakaitikia. Na baba akatazama mbeta, akamtazama mama, ninajua aliona, maana yeye ndiye mgemaji, alijua kidonda kinavyolala. Akasema, "Basi, yaishe. Leo ni sikukuu." Akapokea kikombe. Wakanywa mchana kutwa, wanamsifu shangazi, na ulanzi waliokunywa umegemwa na mkono uleule. Mpaka leo wajukuu wa shangazi huko Iringa wanaisimulia kama muujiza wa ukoo. Nimekwisha kuisikia kwenye harusi mbili. Mara zote mbili niliondoka kabla ya pilau.

Mama alikaa mpaka Jumatatu ya Pasaka, akamchukua Yustina akampeleka kwa kaka zake kule kwa Walutheri. Yeye akarudi kwa baba, kwa sababu tulikuwepo sisi. Hawakuachana, lakini mezani mama hakumpakulia shangazi tena mpaka shangazi alipokufa. Anapakua sahani zote, ya wifi yake anaacha. Watu walimwona mama mbaya. Mimi nilimwona mtu mmoja tu mwenye akili mle ndani.

Kiganja cha Yustina kilipona, vidole vikabaki vimekunjika, vitatu. Mkono wa kulia haukukubali kamwe. Kwa hiyo akawa hana mkono wowote wa kusukia. Kazi nyingine alifanya, alilima, aliolewa na mwanamume mpole ambaye hakujali, alizaa wanne. Vikapu hakusuka tena. Hicho kinachoning'inia pale juu ya mlango, ambacho umekiona tangu mdogo na hukuuliza, kinachozunguka kinyume, hicho ni chake. Alikisuka mwaka ule kabla ya mvua.

Nilikaa na la kwangu miaka na miaka. Yustina alipokuwa mgonjwa mara ya mwisho, nilikwenda kumuuguza. Siku moja nikiwa namlisha uji nikamwambia. Nikasema, "Dada, kuna kitu. Kule mlanzini nilikuwa nalamba. Nilijua maji yanakokwenda, sikukuambia."

Akacheka kidogo. Akasema, "Nilijua unakunywa. Kila asubuhi ulikuwa unarudi na sisimizi kwenye midomo."

Nikasema, "Ulijua?"

"Nilifikiri unakunywa kwenye mbeta. Nilifikiri ndiyo maana ziko tupu, mdogo wangu anamaliza."

"Na hukusema? Hata siku ile?"

Akasema, "Ungepigwa."

Akafungua mdomo apate kijiko kingine. Nilimpa. Uji ukamwagika kidevuni, nikamfuta.

Mimi naenda kanisani kila Jumapili, unanijua. Sijaacha, na sitaacha kwa ajili ya shangazi. Lakini wakifika kwenye kondoo na mbuzi, ninaangalia mikono yangu miwili iko mapajani, na huwa sijui dada yangu yuko wapi ila najua hayuko walikosema wao. Na mzee wa kanisa akitaka kumwangalia mtoto wa miaka minne kwa sababu ya mkono uliotoa sadaka, aje aniangalie mimi. Mimi ndiye mwenye cha kuangaliwa.

Sasa mama yako anasema nililelewa hivyo na sikufa. Si mimi niliyefungwa. Mimi nilikuwa upande wa wanaokula. Hajui kwa sababu sikumwambia, nilimwambia tu kwamba mama yake mkubwa, Yustina, aliungua akiwa mdogo, kama ni ajali ya moto. Hilo nalo ni langu.

Panda kiti ukitoe kile kikapu. Kipanguse vumbi, taratibu, ukingo wa juu umechoka. Ukifika Mwanjelwa usimpe mama yako kwanza. Mfungue mtoto kitambaa, umpe yeye akishike, na akikipokea kwa kushoto mwache akipokee kwa kushoto mbele ya mama yake. Halafu umweleze mama yako yote kama nilivyokueleza, usipunguze. Bibi yangu aliyeshika mabega, baba yangu aliyesema msiongeze kelele, shangazi na machozi yake. Na ukifika kwenye ugali usiniruke. Mwambie na mimi nilikula, na nikaongeza.